Mfuko wa Vipande Ulio Chini ya Cherehani
Hotuba kwa mafundi cherehani na wanafunzi wao, Njombe

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema mbele ya watu ambao wengi wao wameshika mkasi kwa miaka mingi kuliko mimi, na nawashukuru hasa ninyi mlioitikia ombi langu la kuja na mifuko yenu ya vipande, kwa sababu leo nimekuja kuzungumzia mifuko hiyo na si kitu kingine.

Kila fundi anao. Wengine wameuweka chini ya cherehani, mahali ambapo miguu inaufikia. Wengine wameuning'iniza msumarini nyuma ya mlango. Wengine wana kiroba kizima kilichojaa hadi mdomoni. Jana jioni niliumwaga wangu sakafuni ili nijue ninachokwenda kuwaambia, nikakuta kona za kitenge zilizobaki baada ya kukata shingo za magauni, kanda ndefu za bluu zilizotokana na sketi za shule, vipande vya poplini nyeupe visivyozidi upana wa kiganja, na nusu ya khanga ambayo mama yangu aliivaa mpaka mji wake, yaani sehemu ya katikati, ukawa mwepesi kama chachi, ingawa pindo lake lingali imara. Vitu vya namna hiyo kwa kawaida vina njia mbili tu, ama kujaza mto, ama kuchomwa pamoja na takataka za mwisho wa mwezi. Ombi langu ni kwamba tuvifungulie njia ya tatu, nayo ni mfarishi.

Neno mfarishi ni la zamani katika lugha yetu, ingawa siku hizi tunalisikia mara chache. Ni nguo nene ya kutandika au kujifunika, na huo ninaouzungumzia leo una matabaka matatu: juu kuna uso ulioungwa kwa vipande, katikati kuna kijazo kinacholeta joto, na chini kuna mgongo wa kitambaa kizima. Matabaka hayo hushonwa pamoja kwa mishono inayopenya toka juu hadi chini, ili kijazo kisihame wala kisijikusanye upande mmoja baada ya kufuliwa. Kwa mtu wa Dar es Salaam kitu hicho huenda kikawa pambo la kitanda. Kwetu hapa, ambapo mwezi wa Juni na wa Julai mtu huamka akakuta majani yamepigwa na jalidi, ni nguo ya kulalia hasa.

Mifarishi iko ya aina nyingi, na mimi nimechagua kuwaletea aina moja, yaani mfarishi wa sampuli. Uso wake hugawanywa katika miraba mikubwa iliyo sawa kwa kipimo, lakini kila mraba huungwa kwa mtindo wake, mmoja una vipande tisa, wa pili una nyota, wa tatu una kanda zinazozunguka kiini. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba anayeshona miraba kumi na mitano ya mtindo mmoja anajifunza jambo moja mara kumi na tano, ilhali anayeshona mfarishi wa sampuli anajifunza jambo jipya kila anapoanza mraba mpya. Ya pili inahusu mifuko yetu. Mtindo mmoja ukirudiwa kitanda kizima unadai yadi nyingi za kitambaa kile kile, na mwenye mabaki hana yadi nyingi za kitambaa chochote. Ana kiganja cha hiki na ukanda wa kile. Sampuli haimdai zaidi ya hapo. Kipande kinachotosha mraba mmoja tu kimeshapata kazi.

Mfano mkubwa kabisa wa kazi hii niujuao ulishonwa na mwanamke mmoja wa jimbo la Vermont, Marekani, aliyeitwa Jane Stickle, wakati nchi yake ilipokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katikati ya mfarishi wake aliunga miraba 169, safu kumi na tatu kwa kumi na tatu, kila mraba wa upana wa inchi tano hivi na kila mraba na mtindo wake. Kisha akaandika kwenye kona, kwa uzi, kwamba ilikuwa wakati wa vita, mwaka 1863, vipande 5,602, na jina lake. Mfarishi huo umehifadhiwa katika makumbusho ya Bennington. Naomba mkumbuke kwamba alivihesabu vipande vyake, kwa maana nitaurudia mkono wa mama huyu kabla sijakaa.

Yeyote anayedhani kuwa kuunga vipande ni jambo la kigeni kwetu naomba atazame khanga aliyojifunga. Masimulizi yanayokubalika sana pwani yanasema kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso za mkononi ambazo zilikuja zikiwa hazijakatwa, mfululizo kama jora, na badala ya kuzikata moja moja walikata tatu tatu, wakaunga kipande cha leso tatu na kingine cha leso tatu, wakapata nguo moja yenye leso sita. Wafanyabiashara walipoona namna hiyo inavyopendwa ndipo wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa ikiwa nzima. Mpaka leo mtu wa Mombasa anaiita leso, na jina hilo ni ushahidi wa mshono ambao sasa hauonekani. Khanga, basi, ilizaliwa kwa sindano ya mtu aliyeunga.

Kabla sijaingia kwenye kupima na kukata, kuna neno ambalo mafundi hatupendi kulisema hadharani, nami nitalisema kwa sababu linagusa heshima ya kazi yetu. Mabaki ya nguo ya mteja ni ya mteja. Tunajua jinsi wateja wanavyolalamika kwamba fundi amekula kitambaa, na tunajua kwamba mara nyingine wanasema kweli. Ukitaka kuanza mfarishi kwa vipande vya kitenge cha mtu, mwambie siku anapokuja kuchukua gauni lake: mama, kimebaki kiasi hiki, je, unakihitaji? Katika miaka yangu yote wengi wameniambia nibaki nacho, wachache wamekichukua, na hakuna hata mmoja aliyeondoka bila kuniamini zaidi ya alivyokuja. Kitu kitakachofunika usingizi wa mtoto kisianze kwa wizi mdogo.

Sasa tumwage mifuko. Kazi ya kwanza ni kutenga pamba na visivyo pamba, kwa sababu kitambaa cha pamba hukubali mkunjo wa pasi na kutulia, ilhali cha nailoni au poliesta hujirudi na kuteleza chini ya sindano, tena kikikutana na pasi ya moto hunywea. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja pembeni, uushike kwa kibanio, uuwashe kiberiti. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na kuacha jivu laini linalopotea ukilipuliza. Uzi wa poliesta huyeyuka, na ncha yake hufanya kijidonge kigumu cheusi. Wala usivitupe vile vya poliesta, ila viwekee mfuko wao.

Kazi ya pili ni kufua, nami nawasihi msiiruke hata kama kipande ni kidogo kama leso ya mfukoni. Mfarishi wangu wa pili niliushona kwa khanga nyekundu iliyokuwa haijapata maji, nikaizungushia poplini nyeupe, nikauona umependeza kuliko kitu chochote nilichowahi kushona. Siku ya kwanza ya kuufua, wekundu ulitembea. Kila kipande cheupe kilichogusana na ile khanga kilipata rangi ya waridi yenye madoa, na hakuna sabuni wala jua lililoweza kuirudisha. Nilisikitika siku nyingi, si kwa sababu ya vitambaa, ambavyo vilikuwa mabaki, bali kwa sababu ya miezi minne ya jioni zangu. Tangu hapo kipande chochote chekundu, cha bluu iliyokolea au cheusi ninakiloweka peke yake ndani ya bakuli jeupe pamoja na kitambaa cheupe kisicho na kazi. Maji yakibaki safi na kile cheupe kikatoka kama kilivyoingia, kipande kimefaulu. Yasipobaki safi narudia, na ambacho hakikomi kutoa rangi nakiondoa kabisa, hata kikiwa kizuri namna gani.

Kazi ya tatu ndiyo inayowashangaza wanafunzi wangu. Wao hutaka kupanga vipande kwa rangi, kijani na kijani, njano na njano. Mimi nawaomba wavipange kwa kukolea na kufifia. Mtindo wa mraba hauonekani kwa sababu rangi ni tofauti, unaonekana kwa sababu kitu kilichokolea kimekaa kando ya kitu kilichofifia. Nyekundu na kijani zenye ukolevu mmoja zikishonwa kwenye nyota, nyota inazama, huioni. Tandaza vipande mezani, rudi nyuma hatua tatu, ufinye macho mpaka kope zikaribie kugusana: vile vinavyobaki kama vivuli ni vya fungu moja, vile vinavyong'aa ni vya fungu la pili. Mwenye simu anaweza kupiga picha isiyo na rangi akapata jibu lile lile. Vitenge vinatutaabisha kidogo hapa, kwa kuwa kitenge kimoja huwa na vyote viwili, na maua yake ni makubwa kuliko kipande chenyewe. Ukikata kitenge cha maua makubwa vipande vidogo bila kuchagua, kimoja kitatoka cheusi kitupu na kingine njano tupu, ijapokuwa vimetoka nguo moja. Kata kwa kuchagua, au kipe kitenge hicho nafasi kubwa katikati ya mraba ambapo ua lake litaonekana zima.

Nimefika mahali ambapo, kama muda ungekuwa wa kusema jambo moja tu, ningesema hili. Vipande hivi havifanani kwa rangi, kwa umri, kwa uzito wala kwa wenyewe walioviacha. Kinachovifanya viwe nguo moja ni robo inchi.

Fundi wa magauni amezoea kuacha nusu inchi au hata inchi nzima kwenye mshono, ili mteja akinenepa nguo iweze kuachiwa. Kwenye mfarishi wa vipande tunashona robo inchi toka ukingoni, kila mshono, bila kuongeza wala kupunguza. Naomba tufanye hesabu pamoja, maana mtu akishaielewa hasahau. Mraba wetu ukishamalizika ndani ya mfarishi utakuwa na inchi 12. Kabla haujaungwa na wenzake unatakiwa uwe inchi 12 na nusu, kwa sababu bado una robo inchi ya mshono kila upande. Chukua mraba wa vipande tisa. Toka kushoto hadi kulia kuna mishono miwili, na kila mshono unakula pande mbili, robo inchi kwenye kipande hiki na robo inchi kwenye kile. Tuseme unashona ndani kuliko inavyotakiwa kwa moja ya kumi na sita ya inchi, kiasi ambacho jicho halikioni. Kila mshono utakupotezea moja ya nane ya inchi, miwili itakupotezea robo inchi, na mraba wako utatoka inchi 12 na robo. Sasa chukua mraba wenye kanda tatu kila upande wa kiini chake. Huo, toka kushoto hadi kulia, una mishono sita. Kosa lile lile la mkono ule ule litakula robo tatu ya inchi, na mraba utatoka inchi 11 na robo tatu. Miraba miwili iliyotakiwa kulingana imetofautiana kwa nusu inchi nzima, na fundi hajabadilisha chochote.

Kama miraba yote ingekuwa ya mtindo mmoja, kosa lingekuwa sawa kila mahali na mfarishi ungetoka mdogo kidogo, basi. Kwenye sampuli, kosa moja linazaa tofauti nyingi, kwa kuwa kila mtindo una idadi yake ya mishono. Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa na miraba kumi na miwili, na hapakuwa na miwili iliyolingana. Nilijaribu kuilazimisha kwa kuivuta na pasi, ikakubali siku ile, lakini nilipoitandika kitandani uso wote ulikuwa na mawimbi kama bati. Niliifumua yote. Kufumua kulinifundisha kuliko kushona, lakini sioni sababu ya ninyi kupita njia hiyo.

Fanyeni hivi. Chora mstari kwenye kipande cha karatasi robo inchi kamili toka ukingo wake wa kulia, kiweke chini ya mguu wa cherehani, ushushe sindano kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono mpaka ncha iguse ule mstari. Pale ukingo wa karatasi ulipoishia kwenye bamba, bandika utepe wa karatasi wenye gundi, tabaka tatu au nne, moja juu ya nyingine, ziwe ukuta mdogo ambao kitambaa kitautegemea. Kisha ujaribu kabla hujagusa kitambaa cha kazi. Kata kanda tatu za upana wa inchi moja na nusu, uziunge, uzipige pasi. Upime ule wa katikati. Ukiwa na upana wa inchi moja kamili, cherehani yako iko tayari. Ukipungua kidogo, sogeza ukuta kuelekea sindano kwa upana wa uzi mmoja, kwa sababu mkunjo wa kitambaa chini ya pasi nao unakula kidogo. Msione haya kurudia jaribio hili mara tano. Mimi bado nalifanya kila ninapoanza kazi mpya.

Na kwa kuwa nimeitaja pasi: kwenye kazi hii pasi inashushwa na kuinuliwa, haiburutwi. Pasi inayoburutwa hurefusha kitambaa, hasa kile kilichokatwa mshazari. Mikunjo ya mshono ilazwe upande wa kitambaa kilichokolea ili isionekane chini ya cheupe. Wenye pasi ya mkaa wapulizie jivu nje kabla hawajasogea mezani.

Mraba wa kwanza uwe wa vipande tisa, kila kimoja inchi nne na nusu kwa nne na nusu, vitano vilivyokolea na vinne vilivyofifia. Vishone safu safu, ulaze mikunjo ya safu ya kwanza na ya tatu kuelekea nje na ya katikati kuelekea ndani, ili zikikutana mikunjo ikumbatiane na kona zikae mahali pake bila kuvutwa. Ukiupima ukatoka inchi 12 na nusu, umeshavuka mtihani mgumu kuliko yote.

Mraba wa pili ndio ninaoupenda, nao Wamarekani huuita kibanda cha magogo. Kiini chake ni kipande cha inchi tatu na nusu, na kwa desturi huwa chekundu. Husemwa kwamba ndiyo moto wa ndani ya kibanda. Kanda zote hukatwa kwa upana wa inchi mbili, nazo huungwa moja baada ya moja kukizunguka kiini kama magogo yanavyopandana ukutani: ya kwanza ina urefu wa inchi tatu na nusu, ya pili na ya tatu inchi tano, ya nne inchi sita na nusu, na hivyo hivyo hadi ya kumi na mbili ambayo ina inchi 12 na nusu. Kanda za pande mbili zinazokutana huwa zimekolea, na za pande mbili nyingine zimefifia, hata mraba ukaonekana nusu uko kwenye mwanga na nusu kwenye kivuli. Hakuna mtindo unaofaa mabaki ya fundi kuliko huu, kwa sababu mabaki yetu mengi ni kanda, na ukanda wowote wenye upana wa inchi mbili, uwe mrefu uwe mfupi, una mahali pake. Zile kanda za bluu za sketi za shule nilizowatajia zitakwenda huko, nazo zitakuwa upande wa kivuli.

Ipo mingine ambayo tutaifika wiki zijazo. Iko ya pembetatu, na hapo kanuni ni moja: usikate pembetatu kisha ukaishona, maana ukingo wake wa mshazari utavutika. Weka miraba miwili ya inchi nne uso kwa uso, chora mstari toka kona hadi kona, ushone robo inchi kila upande wa mstari huo, ndipo ukate juu yake. Utapata vipande viwili vilivyokwisha kuungwa, uvisawazishe viwe inchi tatu na nusu. Vinne kati ya hivyo vikizungushwa vinatoa umbo ambalo mimi huliita pangaboi. Uko mtindo uitwao mabata bukini yarukayo, na uko uitwao nyota ya Ohio ambao nitauacha wa mwisho kwa sababu kona zake hazimsamehe mtu akikosea.

Ipo pia sampuli moja ambayo sijaiona popote nje ya kwetu, na naomba kila mmoja wenu aishone. Khanga ikichakaa, mara nyingi jina lake hubaki. Chukua ukanda huo wenye maneno, uupime ili herufi zikae katikati, uushone ukiwa mzima pamoja na kanda mbili juu na mbili chini, uwe mraba mmoja miongoni mwa miraba yako. Nilipokata ile khanga ya mama niliikuta imeandikwa wema hauozi. Urefu wa maneno ulizidi mraba kwa inchi mbili, na nilikaa nao mezani jioni nzima kwa kuwa sikutaka kukata herufi hata moja. Mwishowe nikaugawa mistari miwili, neno moja juu ya jingine, yakaingia.

Najua wapo watakaoniuliza kuhusu wanawake wa Gee's Bend, ambao picha za kazi zao sasa zinaonekana hata kwenye simu zetu. Gee's Bend ni kijiji kilichomo ndani ya pindo la mto Alabama, huko Marekani, na wakazi wake wengi ni wazao wa watu waliofanywa watumwa kwenye mashamba ya pamba ya hapo hapo. Walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa magotini, kwa magunia, kwa chochote kilichokuwapo, ili wasilale na baridi. Mwaka 1966 baadhi yao na majirani zao wakaanzisha ushirika wa kushona, na mwaka 2002 mifarishi ya kijiji ikaonyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha New York. Kazi zao nyingi hazifuati rula. Kanda zinainama, kona hazikutani, na ni nzuri kiasi cha kumfanya mtu anyamaze. Je, hawakuhitaji robo inchi? Jibu langu ni kwamba mama hao mara nyingi waliujenga uso wote kama kitu kimoja, wakikiangalia kila kipande kinapoingia na kukipunguza pale kinapozidi. Sisi tunajenga miraba kumi na mitano kila mmoja peke yake, labda kwa miezi sita, labda katika nyumba kumi na tano, na siku moja tunaitaka ikutane. Miraba isiyoonana haiwezi kukubaliana ila kwa kipimo.

Na iko njia nyingine tena, ambayo inanigusa zaidi. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari, wengi wao kutoka upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa sari na nguo zilizozeeka. Hawana miraba kabisa. Huanza kwenye kona ya kitambaa cha mgongo, wakapachika kipande baada ya kipande wakizunguka toka ukingoni kuelekea katikati, huku sindano ikishona matabaka yote kwa pamoja, na kila kona ya mfarishi huwekewa ua la vitambaa vilivyokunjwa, ambalo bila hilo kazi huhesabiwa kuwa uchi. Ningependa siku moja tuijaribu pia.

Kuhusu kuunga miraba yetu nitasema kwa ufupi, kwani tutalifanya pamoja wakati wake. Kwa kitanda cha futi nne kwa sita, miraba kumi na mitano inatosha, mitatu kwa upana na mitano kwa urefu. Tutaitenganisha na kuizungushia pande zote kwa kanda zitakazobaki na upana wa inchi mbili, za rangi moja tulivu, ili macho yapate mahali pa kupumzika kati ya mtindo na mtindo. Hapo uso unakuwa na inchi 44 kwa 72. Tukiuzungushia pindo la inchi sita unafika 56 kwa 84. Mgongo uzidi uso kwa inchi nne kila upande, na kitenge cha yadi sita kikikatwa vipimo viwili vya inchi 92 na kuungwa kando kwa kando kinatosha, kikabakiza inchi 32 za kutengenezea ukanda wa ukingo. Kijazo kiwe blanketi jepesi lililotumika na kufuliwa mara nyingi, ambalo halitanywea tena. Tutapiga bandi, yaani kuyashikiza kwa muda, matabaka matatu toka katikati kwenda nje, kisha tutashona kwa mkono, mshono wa kwenda mbele, mdogo na wa subira.

Na kwenye kona ya mgongo, kabla mfarishi haujatoka mikononi mwako, udarizi jina lako, mwaka, na idadi ya vipande, kama alivyofanya yule mama wa Vermont. Wa kwangu wa mwisho una vipande 611. Nilivihesabu mara mbili.

Meza ziko tayari, na mkaa umeshika. Toeni kwenye mifuko yenu vipande vitano vilivyokolea na vinne vilivyofifia, tuvikate inchi nne na nusu kwa nne na nusu. Ila kwanza, kila mmoja anionyeshe kanda zake tatu.